Taa ya Mlingoti: Shajara ya Mashuani

Jumapili, 12 Novemba 2023. Nje ya Kiwayu

Jua limeshatoka na usingizi umenikataa, basi naandika. Usiku, kwenye saa nane, kompyuta ilizimika. Dakika chache baadaye taa ya mlingoti ikaanza kufifia, ikawa rangi ya kaa la moto, ikafa. Jarife lilikuwa majini, tanga limetuliwa, mabaharia wote wamelala isipokuwa mjomba wangu aliyekuwa zamu. Mwezi hakuna.

Yeye ndiye aliyeiona meli. Taa zake mbili nyeupe zilikuwa zimepangana wima, moja juu ya nyingine, na chini yake nyekundu na kijani zote mbili zaonekana. Nahodha yeyote ajua maana yake: omo ya meli inakutazama wewe. Mjomba alichukua tochi akaimulika foromali na tanga lililokunjwa, kisha akaielekeza melini, akaipungia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Taa zile mbili zikaanza kuachana. Meli ikapita kusini kwetu, na wimbi lake likatufikia baadaye kidogo, likatuyumbisha hata mtungi wa maji ukalala ubavu.

Kompyuta niliileta mimi. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu kufunguliwa Mei 2021, bahari hii ina wageni wakubwa. Ni wachache bado, ila mmoja yatosha. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi na nchi hulazimika kuwa na AIS, chombo cha redio kinachotangaza jina, mahali, mwendo na mwelekeo wa meli. Ikiwa safarini hutangaza kila sekunde chache. Mwenye kipokezi na kompyuta ndogo aweza kuzisikia kutoka mbali na kuziona kwenye ramani. Nilimwahidi mjomba kwamba hakuna meli itakayotujia kimyakimya. Badala yake nimemnyang'anya taa.

Mjomba hajanilaumu. Asubuhi kaniuliza swali moja tu, lile analouliza kuhusu maji na unga kabla hatujang'oa nanga: "Kwa usiku mmoja inakula kiasi gani?"

Sikuwa na jibu.

Jumanne, 14 Novemba. Langoni, Amu

Leo jibu ninalo. Nimeishusha betri kutoka mashuani, nimeibeba mpaka kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio na kupima kila kitu kwa mita.

Nilivyofunga mwanzo: betri ya volti 12, kisha inveta ya kuigeuza iwe umeme wa nyumbani, kisha chaja ya ukutani ya kuurudisha chini mpaka volti 5, kisha kompyuta yenyewe, Raspberry Pi 4, na kioo chake cha inchi 7. Inveta peke yake, haijachomekwa kitu, inavuta ampea 0.7. Yaani ukiiwasha na kuiacha ikae tu, tayari imekula karibu wati 9. Nikichomeka kompyuta, betri inatoa ampea 1.5, kama wati 18. Nikapima upande wa pili, pale umeme unapoingia kwenye kompyuta na kioo: wati 6 na nusu.

Zaidi ya wati 11 zinapotea njiani. Kazi yenyewe ni wati 6 na nusu.

Tena betri ni ya gari, kuukuu. Ubavuni imeandikwa ampea-saa 70. Niliijaza, nikaifungia taa ya gari ya wati 55, inayovuta kama ampea 4 na nusu. Haikudumu saa tano. Kwa hiyo ina ampea-saa kama 22, basi. Kutoka magharibi mpaka saa nane usiku kompyuta na taa zilikuwa zimeshakunywa 14, nayo betri haikuwa imejaa kwa sababu ya mawingu ya siku mbili juu ya paneli yetu ya jua. Isingefika alfajiri kwa vyovyote.

Alhamisi, 16 Novemba

Kabla ya kununua kitu nilijaribu nilichokuwa nacho kwenye droo: 7805, kile kidude cha miguu mitatu kilichomo katika nusu ya redio ninazotengeneza. Kinashusha volti 12 hadi 5 bila kelele na bila gharama. Nilifunga Pi peke yake, bila kioo. Ndani ya dakika kumi bati la kupozea halishikiki.

Hesabu ni nyepesi. Kidude hiki hakigeuzi umeme, kinauchoma uliozidi. Ampea inayoingia ndiyo inayotoka. Betri ikiwa na volti 12.6, katika kila 12.6 inazotoa, kompyuta yapata 5 na 7.6 zawa joto. Asilimia 60 inakwenda kupasha bati. Jua likiwa kali na volti zikipanda mpaka 14, hasara inazidi. Kwa redio ndogo inayovuta umeme kidogo sana sina neno nacho, ila kwa kompyuta ya kukesha hakifai.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua haijakatika. Barabara ya Garsen imefurika na mzigo wangu umekwama Mombasa. Nimefungua chaja ya simu ya kwenye gari, ile inayochomekwa mahali pa kuwashia sigara. Ndani yake mna kile nilichoagiza: kishusha volti cha kukatakata umeme. Kinafungua na kufunga mkondo mara maelfu kwa sekunde, na koili inausawazisha. Hakichomi ziada. Volti zikishuka, ampea zinaongezeka, na kinachopotea ni kidogo: hiki changu nimekipima, kinafikisha asilimia 88. Vizuri zaidi hupita 90.

Nikairudisha betri mashuani, nikakifunga hapo hapo kwenye betri, karibu na mlingoti, nikavuta waya mpaka shetri, mahali kompyuta ilipo. Mita nane. Kompyuta ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na kwenye kona ya kioo ikaonyesha alama ya umeme mdogo. Mita upande wa betri: volti 5 kamili. Upande wa kompyuta: 4.5. Raspberry Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63.

Waya wangu ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 0.75. Mita nane kwenda na nane kurudi ni 16, na shaba nyembamba namna hiyo inazuia kama omu 0.37. Kwa ampea 1.3 inameza karibu nusu volti. Nusu volti katika 5 ni sehemu ya kumi ya umeme wote. Nikakihamisha kishusha volti shetrini, jirani ya kompyuta, na waya uleule mbovu ukabeba volti 12 badala ya 5. Kazi ni ileile, ila ampea sasa ni 0.6, na kinachomezwa ni 0.2 katika 12. Kompyuta haikuona tofauti.

Umeme usafiri ukiwa na volti nyingi, ushushwe mlangoni kwa mwenyewe. Ndivyo wafanyavyo wenye nyaya kubwa za nchi kavu, na miaka yote ninayotengeneza redio sikuwahi kufikiri kwamba sheria hiyo inahusu waya wa mita nane.

Jumapili, 26 Novemba. Tumetia nanga Kizingitini

Wiki nzima nimehangaika na jambo ambalo sikulitegemea. Tangu nifunge kile kishusha volti, meli zimetoweka. Ramani imewaka, GPS yasoma, lakini hakuna meli hata zile ninazoziona kwa macho.

Nilidhani ni antena. Niliishusha kutoka kwenye boriti ya mkoko tuliyoisimamisha tezi, nikasafisha chumvi kwenye maungio, nikairudisha. Hakuna. Kisha jana usiku nilikizima kishusha volti nikailisha kompyuta kutoka kwenye betri ya mfukoni ya kuchajia simu. Ndani ya dakika mbili meli tatu zikajitokeza, moja ikiwa maili 12 za bahari kutoka tulipo.

Kule kukatakata kunapiga kelele. Sikio la mtu halisikii, ila AIS iko kwenye megahezi 161.975 na 162.025, na kelele ya chaja ya bei rahisi inafika huko. Antena ilikuwa mita moja tu kutoka kwake. Chaja nimeitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimeunga kopo na waya hasi, nimezungusha nyaya mara tano kwenye duara la feraiti nililolitoa kwenye televisheni mbovu, na nimelisogeza kopo kadiri waya ulivyoruhusu. Leo meli zimerudi.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu ni kosa lisiloonekana. Kioo kinawaka, kila kitu chaonekana kizima, na baharia anaamini bahari ni tupu.

Jumapili, 10 Desemba. Kiwayu, usiku

Kaskazi imeshika. Redio yasema umeme umekatika karibu nchi nzima tangu saa mbili. Hapa mashuani taa ya mlingoti inawaka na kompyuta inafanya kazi.

Mzigo ulifika. Nimeiondoa Pi 4 na nimeweka Raspberry Pi Zero 2 W, kibao cha milimita 65 kwa 30. Nilichelewa kujiuliza swali la maana: kazi hii inahitaji nguvu kiasi gani? Kusikiliza AIS ni kupokea maandishi mafupi na kukokotoa umbali. Mashine kubwa haina la kufanya humo.

Na kioo nimekiondoa kabisa. Kioo ndicho mlaji mkubwa aliyejificha. Kinakula wati 2 na nusu usiku kucha ili kiangaze uso wa mtu asiyekitazama. Sasa kibao kinatuma habari zake kwa waifai mpaka kwenye simu ya aliye zamu, naye anaifungua anapotaka. Meli ikikaribia ndani ya maili tatu, king'ora kidogo kinalia. Kipokezi cha AIS nacho nimekibadili. Cha kwanza, kile cha kuchomeka kwenye USB kinachofaa kila aina ya redio, kilivuta wati 1.4 na kuilazimisha kompyuta ichakate mawimbi yote. Hiki kipya kinajua AIS peke yake, na kinakula wati 0.2.

Jumla, kibao, kipokezi na GPS: wati 1.5 kwenye mita. Kutoka betrini, pamoja na hasara ya kishusha volti, ampea 0.14.

Nimemjibu mjomba swali lake la Novemba. Ampea-saa 1.7 kwa saa kumi na mbili, wakati zamani zilikuwa 18. Alinyamaza kidogo akasema, "Hiyo sasa yaweza kusafiri na watu."

Jumamosi, 30 Desemba. Amu

Kuhusu paneli. Tuna moja ya wati 50 juu ya paa la shetri. Mchana tukiwa nangani inatoa ampea 2.6. Tukitweka tanga, kivuli cha foromali kikapita juu yake, nimeona 0.4. Si kwamba paneli nzima imefunikwa. Kivuli kilikata safu mbili tu za seli. Seli zimefungwa foleni moja kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akilegea wote wanamsubiri. Tumeihamishia ukingoni, upande ambao tanga halilali katika safari ya kwenda, na imefungwa kwa kamba ili iweze kugeuzwa. Baharia mdogo ndiye mwenye kazi hiyo na anaijua kuliko mimi.

Kontrola ya chaji niliuziwa kwa jina la MPPT, aina inayogeuza volti za paneli ziwe ampea za ziada. Nilipoifungua haina koili hata moja. Ni PWM ya kawaida, inayoiunganisha paneli na betri moja kwa moja na kuacha volti zilizozidi zipotee. Kwa paneli ndogo kama yetu PWM inatosha, na sikuhitaji zaidi. Lakini aliyeuza alijua anachouza, na mvuvi hafungui kontrola kutazama ndani.

Na simu. Mabaharia watano, simu tano, kila moja inachukua kama wati-saa 15 mpaka ijae, ukihesabu hasara. Hizo ni 75. Kompyuta yangu kwa siku nzima, usiku na mchana, ni kama 40. Tumekubaliana simu zichajiwe kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana, wakati betri imekaribia kujaa na kontrola inaanza kuukataa umeme wa paneli. Umeme huo ungepotea hata hivyo. Simu zilizojaa mchana zinafika asubuhi bila kuigusa betri.

Jumapili, 14 Januari 2024

Mjomba amepata pesa ya kamba-mawe na anataka kununua betri ya pili na paneli ya wati 100, "tusiwe na wasiwasi tena." Nimempinga, kwa heshima, na sikuzoea kumpinga.

Nilimwambia hivi. Betri ya pili ni kilo 20 za risasi ndani ya ngama, na paneli kubwa ni tanga dogo usiloweza kulitua. Pepo za kusi zikianza italiacha paa la shetri salama? Novemba tungeongeza betri tungekuwa tumenunua maji mengi ya kumimina kwenye mtungi uliotoboka. Tulichohitaji ni kuziba. Sasa tumeziba, paneli ya wati 50 inaingiza kwa siku ya jua zaidi ya ampea-saa 12, nasi tunatumia kama 6 pamoja na taa, na simu zinakula mchana. Siku mbili za mawingu tunazihimili.

Kitu kimoja nilimwomba anunue: betri ya sola iliyofungwa, ya ampea-saa 35, mahali pa ile ya gari. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwashia injini. Kuishusha taratibu kila usiku kunaiua. Hata hii mpya tusiishushe chini ya nusu, yaani isisomeke chini ya volti 12.2 ikiwa imetulia. Alikubali betri. Paneli amesema atafikiri.

Jumamosi, 3 Februari

Kazi ya leo, kwa ufupi. Ncha zote za waya nimezikata upya, nimezibana kwa koleo, nimezipaka vaselini. Shaba ilikuwa imeota kijani hata ndani ya plastiki; bahari inapanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi. Kadi ya memori nimeifanya isomwe tu, isiandikwe, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika kadi huharibika, na ilishanitokea mara mbili.

Lililo kubwa: nimefunga kikata-umeme. Betri ikifika volti 12.2, kompyuta inaarifiwa, inajizima kwa utaratibu, kisha waya wake unakatwa kabisa. Taa ya mlingoti haipiti hapo. Ina waya wake na fyuzi yake moja kwa moja kutoka betrini.

Sababu ni hii, na nimewaeleza mabaharia wote wakiwa wameketi. AIS yetu inasikiliza tu. Sisi tunaiona meli, yenyewe haituoni. Kinachotuonyesha kwa meli ni ile taa ya wati 3. Kwa hiyo ikibidi mmoja afe, kompyuta ife kwanza, na iiachie taa chote kilichobaki.

Jumamosi, 2 Machi. Nje ya Kiwayu, alfajiri

Usiku, saa saba na robo, king'ora kililia. Zamu ilikuwa ya baharia mdogo. Alifungua simu: meli ya mizigo, maili tatu, kasi noti 13, mstari wake ukipita juu yetu. Alimwamsha mjomba. Tulikuwa na kama dakika 14. Jarife lilivutwa nusu, tanga likatwekwa, tukasogea kaskazini kama nusu maili. Meli ilipita mahali tulipokuwa, na hatukuhitaji tochi.

Dakika kumi na nne ni chache kwa jarife refu. Leo nitakisogeza king'ora mpaka maili sita. Matumizi ya umeme hayataongezeka kwa hilo.

Kusi linakuja na mawingu ya masika nyuma yake, hapo ndipo tutajua kama hesabu zangu ni za kweli. Kwa sasa nimepima kabla jua halijagusa paneli. Betri, volti 12.5. Kompyuta inavuta ampea 0.14. Taa ya mlingoti bado inawaka.